Kuhifadhi historia ya meli za maziwani: mwongozo kamili wa kuanza na kinachopotea kwanza

Julai 1916 Wajerumani walikuwa wakijiandaa kuihama Kigoma, na hawakutaka meli yao kubwa ya Ziwa Tanganyika, Graf von Goetzen, iangukie mikononi mwa adui. Ikaamuliwa izamishwe. Mafundi walioachiwa kazi hiyo walikuwa wametoka kiwanda cha Meyer cha Papenburg, walikuja kuiunga meli hiyo baada ya kusafirishwa ikiwa vipande ndani ya makreti yapatayo 5,000, kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Kabla ya kuizamisha tarehe 26 Julai waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kila nikifikiria kazi ya kuhifadhi historia ya meli za maziwani, narudi kwenye grisi ile. Mafundi wale hawakuwa na uwezo wa kuizuia meli isizame. Walichoweza ni kukilinda kile ambacho kingeharibika kwanza. Kazi yetu ni hiyohiyo. Mzee aliyechochea moto wa boila anaweza kufariki wiki ijayo. Daftari la chumba cha injini linaweza kuchanwa kesho likawashie moto. Meli iliyoegeshwa kwenye chelezo, mahali pa kutengenezea meli, ina miaka michache kabla ya wanunuzi wa chuma chakavu kuja na gesi ya kukatia. Lakini meli iliyolala mita 50 chini ya maji baridi inaweza kungoja miaka mia mingine.

Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio huo: watu, kisha karatasi na picha, kisha meli inayoonekana, na mwisho kabisa iliyozama. Wengi huanza kinyume, kwa kuwa meli iliyozama inasisimua. Wakirudi juu, waliokuwa na majibu wameshazikwa.

Chagua kitu kimoja, na ukitambue vizuri

Usianze na "historia ya ziwa letu". Ni kazi ya maisha ya watu kumi. Chukua meli moja, au gati moja, au njia moja ya safari katika kipindi kinachojulikana. Meli moja ikifanyiwa kazi vizuri itakuonyesha bandari zote ilizotia nanga.

Kisha fungua ukurasa wa utambulisho wa meli hiyo. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu meli za maziwani hubadilishwa majina kila mamlaka inapobadilika. Kingani, boti ya Kijerumani iliyotekwa Ziwa Tanganyika tarehe 26 Desemba 1915, iliendelea na vita ikiwa ya Waingereza kwa jina la Fifi. Ukitafuta Liemba kwenye nyaraka za kabla ya 1927 hutapata kitu. Andika majina yote, na tahajia zote za kila jina (Goetzen, Götzen, Gotzen), maana makarani waliandika walivyosikia. Ongeza namba ya ujenzi kiwandani kama ipo. Mara nyingi imechongwa kwenye kibao cha shaba, na ndiyo isiyobadilika hata meli ikiuzwa mara tano.

Tarehe za meli ya ziwani zina mtego wake. Meli ya baharini hujengwa na kushushwa majini palepale. Ya ziwani mara nyingi ilizaliwa mara mbili: iliundwa kiwandani, ikafumuliwa, ikasafirishwa vipandevipande, ikaungwa upya ufukweni. Yavari ya Ziwa Titicaca ilijengwa Uingereza mwaka 1862, vipande vyake vikapandishwa milima ya Andes kwa nyumbu hadi ziwa lililo zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na ikashushwa majini mwaka 1870. Chauncy Maples, meli ya wamisionari kwenye Ziwa Nyasa, iliundwa Glasgow mwaka 1899 na kuelea ziwani mwaka 1901. Kwa hiyo weka nafasi nne tofauti: mwaka wa kuundwa, wa kusafirishwa, wa kushushwa majini, wa kuanza kazi. Ubishi mwingi kuhusu umri wa meli hizi huisha hapo.

Angalia pia tani. "Tani" za usajili wa zamani si uzito. Ni ujazo, na tani moja ni futi za ujazo 100, yaani kama mita za ujazo 2.83. Mtu akikuambia meli ilikuwa ya tani 600, muulize tani zipi kabla ya kuandika.

Watu kwanza

Nahodha atapendekezwa kwako na kila mtu. Msikilize, lakini usiishie kwake. Nahodha anaijua meli kutoka juu. Chini kulikuwa na mpakaji mafuta wa mitambo aliyetambua kwa sikio kwamba beringi fulani imeanza kukauka. Kulikuwa na serahangi aliyewapanga mabaharia, mpishi, karani wa tiketi, wapakiaji waliojua falka (chumba cha shehena) ipi inavuja, na wanawake wafanyabiashara waliolala juu ya magunia yao sitahani kwa miaka ishirini, wakaijua ratiba kuliko aliyeiandika. Watafute hao. Watafute pia mafundi wa kuchomelea wa chelezo, kwa sababu kila kiraka kwenye ubavu wa meli kina ajali yake.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mradi uiweke kwenye hali ya ndegeni isiite katikati ya maneno, na utumie programu inayohifadhi sauti kwa WAV badala ya kuibana. Iweke karibu na msemaji, shibri mbili hivi kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mitetemo ya meza. Zima feni. Usihoji karibu na injini inayonguruma hata kama mandhari yanavutia. Nenda pale siku nyingine kwa ajili ya picha. Mwanzoni mwa kila rekodi taja mwenyewe tarehe, mahali, jina la msemaji, jina lako na meli mnayoizungumzia. Faili likitengana na karatasi zake miaka thelathini baadaye, sauti hiyo ndiyo itakayolitambulisha.

Swali la kuepuka ni "tuambie kuhusu meli". Litakupa hotuba ileile aliyowapa wageni wote. Uliza vitu vidogo. Mkitia nanga usiku, nani alibaki macho, na alikaa wapi? Kuni au makaa yalipakiwa na nani, kwa saa ngapi? Meli ikielemea upande, mlijua kwa dalili gani kabla ya nahodha kusema? Mshikishe kalamu achore sitaha ilivyokuwa: ngazi hapa, jiko hapa, choo cha daraja la tatu hapa. Wazee wengi husema hawajui kuchora, na dakika kumi baadaye hawataki kuirudisha kalamu. Mtu akionyesha kwa mkono, "kamba ilikuwa nene hivi", sema kwa sauti ulichokiona: "kama kiwiko cha mtoto." Kinasa sauti hakina macho.

Zingatia maneno yenyewe. Lugha ya melini ina msamiati ambao hautumiki tena nchi kavu: omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma), mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu zake), ngama (chini kabisa ndani ya meli, maji yanapotuama), demani na joshi (pande za upepo) kwa wenye matanga, na maneno ya mitambo yaliyokuja na Wahindi na Wazungu yakageuzwa na wafanyakazi wenyewe. Unaponakili mazungumzo usiyasafishe. Akisema "injinia wa pili alimtukana mafutamwa", andika hivyo, kisha muulize mafutamwa ni nani. Neno la kazi likipotea, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo naye hupotea kwenye kumbukumbu.

Kumbukumbu ya binadamu ina tabia yake. Tarehe huteleza, majina hubadilishana, lakini namna kazi ilivyofanyika hubaki imara kwa kushangaza. Kwa hiyo usimbane mtu kwa mwaka. Mpe alama ya kujishikizia. Ziwa lenyewe lina alama hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maziwa ya Afrika Mashariki yalipanda sana, Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na kwenye Ziwa Albert gharika hiyo ndiyo iliyoimaliza bandari ya Butiaba, ambako meli ya Robert Coryndon ilizama. "Ilikuwa kabla maji hayajapanda, au baada?" ni swali ambalo mtu wa ziwani hulijibu bila kusita.

Kuhusu ajali, nenda taratibu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na wapo wanaoilia mpaka leo. Usiulize habari za kifo siku ya kwanza. Usiulize kabisa kama mtu hajaligusia mwenyewe au hajakuambia yuko tayari. Akinyamaza, nawe nyamaza, usimjazie maneno. Akitaka kipande kifutwe, kifute mbele yake.

Ridhaa ichukuliwe kabla, si baada. Mweleze kwa lugha rahisi rekodi itakwenda wapi, na mpe machaguo: isikilizwe na yeyote, isikilizwe na watafiti tu, au ifunguliwe baada ya kufa kwake. Kama hasomi, irekodi ridhaa yenyewe. Mpelekee nakala nyumbani. Rudi mara ya pili baada ya wiki moja hivi. Mazungumzo ya kwanza huamsha kumbukumbu, ya pili ndiyo huzivuna.

Karatasi na picha

Siri ambayo wanaoanza huikosa ni kwamba faili za meli za maziwani mara nyingi hazimo kwenye nyaraka za meli. Ziko kwenye za reli. Meli za Victoria na Tanganyika kwa miongo mingi ziliendeshwa kama mkono wa reli, kuanzia Reli ya Uganda hadi shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na hata Titicaca meli ziliingia mikononi mwa kampuni iliyoendesha reli. Katika nyaraka za taifa omba basi mafaili ya reli, ya bandari, ya wilaya zilizopakana na ziwa, na ya uchunguzi wa ajali. Meli za misheni hutafutwa kwenye barua na majarida ya misheni. Chauncy Maples imepewa jina la askofu aliyefia majini katika ziwa hilohilo mwaka 1895, na waliochanga fedha za kuijenga waliandikiwa habari zake. Michoro ya awali hubaki upande wa kiwanda: Chuo Kikuu cha Glasgow, kwa mfano, kina hazina kubwa ya kumbukumbu za viwanda vya meli vya Scotland, ambavyo viliunda meli nyingi za maziwa ya Afrika.

Kilicho karibu nawe kinaweza kuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mjane. Uliza daftari la safari, daftari la injini, vitabu vya mabaharia, hati za shehena, tiketi, ratiba zilizobandikwa ukutani, vyeti vya ukaguzi, picha za sherehe. Usiombe upewe. Omba kupiga picha mbele ya mwenyewe, uviache vilipokuwa. Familia ambayo haikunyang'anywa kitu ndiyo itakayokuita ikipata kingine.

Karatasi ishike kwa mikono safi iliyokauka. Glavu za pamba huifanya ngumu kuhisi na huchana kingo. Usitumie gundi ya utepe hata kidogo, wala usiiveshe plastiki kwa mashine ya moto, maana haitatoka tena. Pini zilizopata kutu ziondoe polepole. Doa la oili kwenye daftari la injini liache lilivyo, kwa sababu ni sehemu ya ushahidi kwamba daftari lilikaa pale linaposema lilikaa. Michoro ya zamani ya rangi ya samawati hufifia kwenye mwanga, na huharibiwa na karatasi zilizotiwa alkali, zile zinazouzwa kwa kuhifadhia nyaraka za kawaida. Ihifadhi gizani, kwa karatasi isiyo na asidi wala alkali. Filamu inayonuka siki itenge na nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani.

Karatasi zikilowa una siku mbili hivi kabla ya ukungu. Zitandaze penye hewa inayopita, si juani. Zikiwa nyingi kuliko nafasi uliyonayo, zigandishe kwenye friza ndani ya mifuko, upate muda wa kuzikausha chache chache.

Kwa kupiga picha, weka ukurasa bapa, taa mbili pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45, kamera juu kabisa ikitazama chini, na rula kando. Onyesha kingo zote. Piga kila ukurasa, hata mtupu. Ukiwa na skana, nukta 400 kwa inchi zinafaa kwa hati, na 600 au zaidi kwa picha ndogo. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora wa picha. Na tafadhali, geuza picha upige nyuma yake. Jina la meli liko mbele, lakini majina ya watu yako nyuma, kwa penseli.

Mpangilio ulioukuta usiuvunje. Kama karani aliweka barua ya kulalamikia makaa katikati ya orodha ya abiria, alikuwa na sababu. Majina ya mafaili yaanze na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku ili yajipange yenyewe, yafuatiwe na jina la meli na namba. Usiandike "picha nzuri ya mwisho". Kisha jedwali moja la kawaida: namba ya faili, tarehe, kilichomo, aliyekitoa, mahali asili ilipo, ridhaa. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikikaa mji mwingine. Diski zifungue kila mwaka uone kama zinasomeka.

Meli ikiwa bado ipo

Kabla ya yote, usalama, na hapa sitalegeza neno. Usiingie kwenye tangi au chumba kilichofungwa cha meli ya zamani. Kutu hula oksijeni ya hewa iliyofungiwa, na mtu huanguka kabla hajahisi lolote. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Mabomba ya mvuke mara nyingi yamezungushiwa asbesto, na rangi za zamani zina risasi, kwa hiyo usikwangue, usikate, usifagie vumbi pakavu. Sakafu ya chuma inayoonekana nzima inaweza kuwa nyembamba kama kopo.

Ukiwa na ruhusa na mwenzako, anza omo uelekee tezi, kulia kisha kushoto, sitaha kwa sitaha, usiruke. Kila picha ya kitu kidogo iwe na kipimo ndani yake. Piga vibao vya waundaji vyote: cha meli, cha boila, cha winchi, cha pampu, kwa maana kila kimoja kinaweza kukufikisha kwenye kiwanda tofauti chenye nyaraka zake. Pima urefu, upana na kina, na umbali kati ya taruma na taruma. Angalia panapokutana ribiti (misumari ya kuungia mabamba) na weldi (maungio ya kuchomelea). Ribiti ni za asili au za zama zile. Weldi ni matengenezo ya baadaye. Ukizitia kwenye mchoro utakuwa umeandika historia ya majeraha ya meli bila kufungua kitabu.

Kutengeneza umbo la meli kwenye kompyuta siku hizi kunawezekana kwa picha za kawaida. Zunguka chombo ukipiga picha zinazopishana kwa asilimia 70 hivi, siku ya mawingu ili vivuli visidanganye programu. Na rekodi sauti: honi, injini ikiwashwa baridi, mlio wa telegrafu ya daraja la nahodha (kifaa cha kupeleka amri chumba cha injini), kengele. Waliokaa ufukweni waliijua meli kwa honi yake kabla ya kuiona.

Kuhusu kuitunza meli yenyewe, adui mkubwa si ziwa. Ni maji ya mvua. Yanaingia kwa sitaha iliyotoboka, yanatuama ngamani, na yanaila meli kutoka ndani huku nje inang'aa rangi mpya. Ziba juu kwanza, pitisha hewa, kausha ngama, ndipo ufikirie rangi ya kupendeza. Nje, sehemu inayoliwa zaidi ni mstari wa maji, pale chuma kinapopata maji na hewa kwa pamoja. Pima unene wa bamba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kila mita kadhaa, na uweke namba hizo mahali zitakapolinganishwa baada ya miaka mitano. Vipande vya chuma vinavyofungwa chini ili viliwe badala ya meli viwe vya magnesiamu. Zinki, ambayo kila fundi wa baharini ataipendekeza, haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Meli ikipandishwa nchi kavu, uzito wake ubebwe na mkuku kwenye magogo yaliyo karibu karibu. Ikining'inia mwisho mmoja itajikunja.

Swali gumu ni kuirudisha mwaka gani. Liemba ilikuwa ya mvuke, ikatiwa injini za dizeli miaka ya 1970. Je, dizeli si historia? Mimi naona ni historia kamili. Abiria wengi walio hai wanaikumbuka meli ya dizeli, si ya mvuke. Kabla ya kung'oa chochote "kisicho cha asili", kirekodi kama ulivyorekodi cha asili, na kikitoka kiwekwe, kisitupwe.

Meli inayofanya kazi hutunzwa kuliko iliyosimama. Kwenye Ziwa Geneva zipo meli nane zilizojengwa kati ya 1904 na 1927, nyingi yake bado hupakia abiria, na mwaka 2011 zilitangazwa urithi wa kihistoria. Lakini kusema kila meli itaokolewa ni kuwadanganya watu na kuzimaliza nguvu zao. Ikishindikana, na tarehe ya kukatwa imeshapangwa, omba wiki mbili. Maliza vipimo na picha, kisha chagua: kengele, usukani, kibao cha muundaji, telegrafu, na kipande cha bamba la ubavuni chenye safu ya ribiti. Hicho cha mwisho hakuna anayekiomba, na ndicho kinachoeleza ujenzi wa meli kuliko usukani.

Iliyozama

Maziwa yana zawadi ambayo bahari haina. Wale viumbe wa maji ya chumvi wanaotoboa na kula mbao za vyombo hawaishi kwenye maji ya ziwa. Katika maziwa baridi na yenye kina, kama Superior na Huron ya Amerika Kaskazini, zipo merikebu za mbao za karne ya 19 zilizosimama chini na milingoti yake. Tishio jipya katika maziwa ya eneo hilo ni kome wadogo wageni walioingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hujibandika kwa mamilioni hadi mbao na chuma havionekani, na uzito wao huvunja vitu. Kwa mabaki hayo, kupiga picha ni jambo la haraka. Kuopoa sivyo.

Kanuni ni moja: usiguse. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji, ulioanza kutumika Januari 2009, unaweka kuacha kitu pale kilipo kuwa chaguo la kwanza, unakataza kukifanya biashara, na unaruhusu nchi kutangaza kwamba kanuni zake zitumike pia kwenye maji ya bara. Sababu si urasimu. Mbao zilizokaa majini muda mrefu zimeliwa ndani na bakteria. Umbo lake linashikiliwa na maji yenyewe. Zikikauka hunywea, hupasuka, hugeuka kuni. Vasa ya Sweden ilipoopolewa mwaka 1961 ilinyunyiziwa kemikali ya kujaza nafasi ya maji kwa miaka 17. Alvin Clark, merikebu iliyozama mwaka 1864 Ziwa Michigan, iliopolewa mwaka 1969 ikiwa nzima kiasi cha kushangaza. Fedha za kuihifadhi hazikupatikana, ikaoza mbele ya macho ya walioipenda, na mwaka 1994 ikavunjwa. Nayo meli mbili za Kirumi za Ziwa Nemi, zenye urefu wa takriban mita 70 kila moja, zilitolewa kwa kulipunguza ziwa maji kuanzia 1928, zikajengewa makumbusho, na zikateketea kwa moto usiku wa 31 Mei 1944. Zilikuwa zimedumu karibu miaka 1,900 matopeni.

Kama unatafuta meli iliyozama, anza na wavuvi. Kila mvuvi ana mahali nyavu zake hunasa pasipo na mwamba kwenye ramani. Kusanya maeneo hayo, linganisha na taarifa za ajali, ndipo utafute wenye kifaa cha sona kinachopiga picha ya sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya sauti. Ukiipata, itaarifu mamlaka ya mambo ya kale na ya bandari kabla ya kumwambia yeyote mwingine. Nambari za GPS usizichapishe. Wezi wa shaba nao wanasoma. Wapiga mbizi wenye sifa wapige picha, wapime kutoka kwenye kamba moja iliyonyooshwa kutoka omo hadi tezi, na waondoke mikono mitupu. Patakapotembelewa mara kwa mara pawekwe boya la kufungia boti, kama wafanyavyo kwenye hifadhi ya Thunder Bay ya Ziwa Huron, iliyoanzishwa mwaka 2000, ili nanga za wageni zisiendelee kuibomoa.

Nyingi ya meli hizi ni makaburi. Edmund Fitzgerald ilizama Superior tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29. Kengele yake ilitolewa mwaka 1995 kwa kuwa familia zilitaka alama ya kuzuru, na mahali pake ikaachwa kengele nyingine iliyochongwa majina ya marehemu. Sijaona njia ya heshima kuliko hiyo. Familia kwanza, kitu kimoja tu, na kitu kinachorudishwa chini.

Kama mtu ameshakuja na kipande cha mbao au chuma kilichotolewa, usimfokee na usikikaushe. Kiweke kwenye chombo chenye maji ya ziwa hilohilo, kifunike kisipate mwanga, andika mahali na siku kilipopatikana, umtafute mhifadhi wa makumbusho.

Pa kuweka ulichokusanya, na atakayekipokea

Ziwa ni la pande zote. Tanganyika ina nchi nne ufukweni, Victoria tatu, Titicaca mbili, na meli ilizihudumia zote. Nusu ya picha unazozitafuta ziko ng'ambo. Andika kwa wenzako wa upande wa pili mapema, mkubaliane jedwali moja na namna moja ya kutaja majina. Vinginevyo kila pwani itabaki na nusu ya meli.

Nakala ya kila kitu iende kwenye taasisi yenye jengo na wafanyakazi: nyaraka za taifa, chuo, makumbusho. Mwandikiane nani anaruhusu matumizi na masharti ya wasimuliaji yatalindwaje. Onyesho dogo gatini, picha kubwa ukutani zenye nafasi ya watu kuandika majina wanayoyatambua, litakuletea habari nyingi kuliko tangazo lolote. Weka kalamu iliyofungwa kwa kamba, na mtu wa kukaa pale.

Na mapema, siyo mwishoni, teua mtu wa pili. Awe mdogo kwako kwa umri. Mwonyeshe jedwali liko wapi, mpe neno la siri la diski, mpeleke akawasalimu wazee unaowahoji ili wamjue kwa sura. Kisha mwachie afungue faili moja mwenyewe, bila wewe kumwelekeza, uone kama anaweza kuipata sauti ya msemaji fulani na ridhaa yake. Akishindwa, tengeneza jedwali upya siku hiyohiyo.